Londiani: Wanaoacha mshahara kuifuata barabara ya ng'ambo

Msafiri atokaye Nakuru akielekea magharibi hufika Mau Summit na hapo hulazimika kuchagua. Barabara moja humpeleka Timboroa na Eldoret, nyingine Kericho na hatimaye Kisumu. Akiishika hii ya pili, hachukui muda mrefu kabla ya kufika njiapanda ya Londiani, penye magunia ya viazi, marundo ya kabichi na karoti, wachomaji mahindi, na vijana wa bodaboda waliojitanda makoti mazito na kofia za sufu utadhani wako Ulaya. Utingo hugonga bodi ya matatu mara mbili, na anayeshuka hufunga vifungo vya koti kabla ya kukanyaga chini.

Mji wenyewe uko kilomita chache ndani, takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Watu wa Nairobi wakisikia jina la Kericho akili zao hukimbilia chai, yale mashamba ya kijani kibichi ya kwenye kalenda. Hayo utayakuta ukiteremka mbele zaidi. Londiani ni nchi ya viazi, maziwa na msitu, na asubuhi ukungu hukaa juu ya mabati hadi jua lipande vizuri. Hata hivyo chai haiko mbali na maisha ya watu wa hapa. Ni vigumu kupata ukoo usiokuwa na mtu aliyewahi kufanya kazi "kampuni", na katika sehemu hizi neno kampuni lina maana moja tu.

Nilizuru Londiani kwa sababu ya swali ambalo nimelisikia likizozaniwa katika nyumba nyingi za Kericho na Bomet. Je, kijana aliye na kazi ya kudumu, mwenye mshahara unaoingia benki kila mwisho wa mwezi, aiache ili akajitafutie riziki ng'ambo kwa miguu yake mwenyewe? Ninaposema kwa miguu yake sitii chumvi, msomaji mpendwa. Ninazungumzia mbio.

Ingawa hili husahaulika, Londiani ina historia ndefu ya watu wasiokuwa na mshahara. Reli ya Uganda ilipita hapa ikielekea ziwani, na ilifika Kisumu Desemba 1901. Kwa zaidi ya miaka 20 baada ya hapo, nyanda za Uasin Gishu zilikuwa hazina reli. Mizigo ya walowezi wa huko, wengi wao Makaburu waliohamia kuanzia mwaka 1908, ilishushwa katika stesheni ya Londiani, ikapakiwa kwenye magari ya kukokotwa na maksai, na kuanza safari ya kupenya msitu na matope hadi mahali palipoitwa Sitini na Nne, yaani Eldoret. (Wengi hudhani hizo 64 ni maili. La, ilikuwa nambari ya shamba.) Wenye magari hayo walikula jasho lao wenyewe. Mzigo ukifika, walilipwa. Ukizama topeni, au maksai wakifa njiani, hiyo ilikuwa shauri yao. Kisha reli nyingine ikajengwa kutoka Nakuru kupitia Timboroa, ikafika Eldoret mwaka 1924, na kazi ya maksai ya Londiani ikafa. Mkuu wa stesheni aliendelea kupokea mshahara wake. Wenye maksai walitafuta la kufanya.

Tangu hapo mshahara ndio uliotawala. Kulikuwa na reli, kulikuwa na idara ya misitu, na mwaka 1957 kikaanzishwa chuo cha misitu ambacho hadi leo hufunza maofisa wanaolinda misitu ya nchi hii. Kulikuwa na kampuni za chai zilizoanza kufyeka vilima vya Kericho miaka ya 1920. Mshahara wa kampuni ya chai, tena, haukuwa shilingi pekee. Ulikuja na nyumba, na zahanati, na shule ya watoto. Aliyeachishwa kazi alipoteza paa siku iyo hiyo. Ukielewa hilo utaelewa ni kwa nini wazee wa huku huuchukulia mshahara kama ua wa boma, kitu ambacho mtu mwenye akili timamu habomoi kwa mikono yake.

Lakini ua huo umeanza kutoboka wenyewe. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, na viwanda vya mbao vilivyotegemea misitu hiyo vikanyamaza. Marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 2023, Rais alipotangaza kuiondoa. Huko Kericho nako zilikuja mashine za kuchuma majani chai, mashine moja ikifanya kazi ya watu wengi, na Mei 2023 waandamanaji wenye hasira waliteketeza kadhaa miongoni mwazo. Vijana wanayaona haya. Huwauliza baba zao hiyo kazi ya kudumu inadumu wapi, na si rahisi kuwajibu.

Kwa wanaojua kukimbia, ua ulikuwa sare ya serikali. Wilson Kiprugut Chuma, mwana wa Kericho, ndiye aliyeipatia Kenya nishani yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki, shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964, na akarudi na fedha kutoka Mexico mwaka 1968. Alikuwa mwanajeshi. Kipchoge Keino alikuwa polisi, mwalimu wa mazoezi ya viungo kule Kiganjo. Utaratibu ulikuwa wazi: serikali hukulipa ukikimbia na hukulipa usipokimbia, na wewe unapokimbia, unaikimbilia serikali. Nishani ilikuwa heshima. Haikununua hata ndama.

Waliothubutu kuuruka ua huo mapema walikuwa Keino mwenyewe na Ben Jipcho wa Mlima Elgon. Nchini Marekani kulianzishwa riadha ya kulipwa chini ya International Track Association, na Keino akajiunga nayo mwaka 1973. Mwaka uliofuata alifuatwa na Jipcho, ambaye alikuwa ametoka tu Christchurch, New Zealand, na dhahabu mbili na shaba moja za Michezo ya Jumuiya ya Madola. Bei ya uamuzi huo ilikuwa kubwa, kwani aliyekimbilia pesa wakati huo alifungiwa mlango wa Olimpiki. Na shirika lenyewe halikudumu. Lilivunjika mwaka 1976. Ndiyo yale yale ya maksai wa Londiani: siku reli inapochukua njia nyingine, hakuna anayekuuliza watoto wako watakula nini.

Baadaye sheria zililegea. Mwaka 1982 wakuu wa riadha duniani waliruhusu wanariadha kulipwa, pesa zikiwekwa katika hazina maalumu. Mbio za Boston zilianza kutoa zawadi za pesa mwaka 1986. Ibrahim Hussein alishinda New York mwaka 1987 na Boston mwaka 1988, na kuanzia hapo kila kijiji cha Bonde la Ufa kilijua kwamba kuna barabara huko ng'ambo ambazo mtu hulipwa kwa kuzikimbia.

Kericho haikuachwa nyuma. Joyce Chepchumba, mzaliwa wa huko, alishinda London Marathon mwaka 1997 kwa tofauti ya sekunde moja tu dhidi ya Liz McColgan wa Uskoti, akashinda tena mwaka 1999, na akapata shaba ya Olimpiki mjini Sydney mwaka 2000. Yeye na Tegla Loroupe walikuwa chini ya meneja mmoja Mjerumani aliyekuwa na kambi Detmold, mji mdogo ambao Wajerumani wengi wenyewe huenda hawajawahi kuukanyaga. Hebu fikiria hiyo sekunde moja, baada ya kilomita 42. Mwenye mshahara akichelewa sekunde moja ofisini hakuna anayejua. Mkimbiaji wa kujitegemea akichelewa sekunde moja, tofauti yake huhesabiwa kwa maelfu ya dola.

Kijana niliyekwenda kumwona, ambaye sitamtaja jina, hana nishani. Ana umri wa miaka 27 na anafanya kazi katika idara moja inayovaa sare. Nilimkuta kwa mama yake, upande wa msituni, akiwa likizoni. Tulikaribishwa kwa mursik iliyoiva vizuri ndani ya kibuyu, kisha chai, kisha mursik tena. Alikuwa amekimbia tangu saa kumi na moja u nusu alfajiri, na viatu vyake vilikuwa juani juu ya ua wa mbao, soli zikitazama juu.

Muda wake bora wa nusu marathoni ni dakika 61. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni ndege. Kwa Kenya, ni mmoja katika kundi kubwa. Wakala mmoja wa Ulaya amemwahidi nafasi katika nyumba nchini Ujerumani pamoja na wakimbiaji wengine, mbio za barabarani kila mwisho wa juma, tiketi ilipwe kwanza na wakala kisha ikatwe katika mapato. Kijana aliomba likizo bila malipo. Akanyimwa. Wenye majina makubwa hupewa, aliniambia, nami sikuona uchungu usoni mwake alipolisema, ila aliutazama mlango. Kwa hivyo ameandika barua ya kujiuzulu. Iko ndani ya Biblia ya mama yake, na mama anajua iko humo.

Tulikaa tukapiga hesabu, kwa sababu magazeti, letu likiwamo, hupenda kuandika zawadi ya mshindi na kuishia hapo. Ni kweli kwamba mshindi wa Boston mwaka 2024 alipewa dola 150,000. Sasa chukua kijana wetu. Tuseme amevuka hadi Marekani, akashika nafasi ya tatu katika mbio za mji wa kadiri na kuandikiwa dola 2,000. Serikali ya Marekani hukata asilimia 30 kwa mgeni asiye mkazi: dola 600 zimekwenda. Wakala huchukua asilimia 15: dola 300 nazo zimekwenda. Zimebaki 1,100, na tiketi ya ndege peke yake yaweza kuzimeza zote. Aidha pesa hizo hazitoki siku ile. Penye upimaji wa dawa haramu, waandaaji husubiri kwanza majibu, na mkimbiaji husubiri nao, wakati mwingine miezi. Mwenye nyumba hasubiri.

Kisha kuna viza. Viza ya kawaida ya nchi za Ulaya zilizo katika mkataba wa Schengen humruhusu mgeni siku 90 katika kila siku 180. Maana yake ni kuwa hata mambo yakienda vizuri, nusu ya mwaka yuko nyumbani bila mbio na bila mshahara. Kifundo cha mguu kikiteguka katika zile siku 90, mwaka umekwisha.

Aliyanyamazia hayo yote hadi nikamaliza, kisha akanipa hoja ambayo sikuwa na jibu lake. Mshahara wangu, alisema, utanifikisha miaka 60. Miguu yangu itanifikisha miaka 34 au 35, Mungu akipenda. Nikingoja, kipi kitakuwa kimebaki? Aliongeza kwamba katika kazi yake huweza kupangiwa zamu ya usiku na asubuhi akatakiwa kukimbia, na kwamba dakika 61 alizipata akilala saa nne. Anataka kujua mwili wake ungefanya nini ukilala usiku mzima kwa mwaka mmoja.

Baba yake mdogo, aliyefanya kazi kampuni ya chai hadi alipopunguzwa, yuko upande wa kijana. Yeye aliitumikia kampuni kwa uaminifu na akatoka na sanduku moja la bati. Kwake yeye kazi ya kudumu ni hadithi ya watu wazima. Mama ndiye aliyekataa katakata, na sababu zake hazikuwa zile nilizotarajia.

Mama huyu naye amejiajiri maisha yake yote. Huuza viazi, na kwa miaka mingi aliuzia njiapanda. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023 hakuwapo huko kwa sababu ng'ombe wake alikuwa akizaa. Ndiyo jioni lori lililobeba kontena lilipopoteza mwelekeo pale Londiani Junction likayafagia magari, bodaboda na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara, na watu zaidi ya 50 wakafa. Aliniambia kwamba siku zilizofuata alihesabu wenzake ambao hawakuwa na jina lao katika daftari la mshahara la mtu yeyote. Siku waliyokosa kufika sokoni ndiyo siku pesa zilipokoma. Hakulia alipokuwa akinisimulia. Alikuwa akimenya viazi, na aliendelea kumenya.

Jambo la pili lilikuwa la karatasi. Miaka miwili iliyopita kijana alichukua mkopo katika chama cha akiba na mikopo cha kazini kwake, akaongeza ekari moja kwenye shamba la mama. Mkopo hukatwa katika mshahara. Wadhamini ni wenzake watatu, vijana kama yeye, wenye wake na watoto wa chekechea. Akijiuzulu na kushindwa kulipa, chama kitaingia katika mishahara ya hao watatu. Ekari inapandwa viazi na mama. Deni litalipwa na watu asiowajua hata kwa sura. Hilo ndilo linalomkosesha usingizi mama huyu, kuliko hata ndege.

Mimi, nikiulizwa, niko na mama kuhusu hao watatu na niko na kijana kuhusu miguu. Waliofaulu kuacha mshahara wa uhakika mara nyingi waliuacha wakiwa tayari wana kitu mkononi. Marehemu Samuel Wanjiru alikuwa ameajiriwa Japan na timu ya kampuni ya Toyota Kyushu, analipwa kila mwezi kama karani, na alipoiacha kazi hiyo mwaka 2008 ili akimbie kwa hiari yake, rekodi ya dunia ya nusu marathoni ilikuwa tayari yake. Mwezi uliofuata alishinda dhahabu ya marathoni mjini Beijing. Dakika 61 si rekodi ya dunia. Lakini je, Wanjiru mwenyewe alikuwa nani kabla mtu hajamlipia tiketi ya kwenda Japan akiwa mvulana wa miaka 15? Na idara zinazojivunia wanariadha kila Olimpiki zingepoteza nini kumpa kijana mmoja mwaka mmoja bila malipo? Bila malipo, nasema. Zisingetoa hata senti.

Saa tisa alasiri bodaboda ilipanda mlimani ikiwa na abiria aliyevaa koti la mvua. Alikuwa mmoja wa wale wadhamini. Alikuwa ametoka kazini Kipkelion baada ya kusikia uvumi kuhusu barua. Aliwaamkua wakubwa wote kwa heshima, mmoja baada ya mwingine, akakataa kiti, akamwomba mwenzake watoke. Walikwenda nyuma ya zizi, nasi tukabaki tukiangalia chini kama watu walio katika chumba cha kungojea daktari. Baba mdogo aliwasha redio, mama akamwambia azime.

Walikaa huko karibu saa nzima. Waliporudi mgeni alikubali kiti na chai. Nilivyoelezwa, walikuwa wamekubaliana hivi: kijana atarudi kazini likizo yake ikiisha na kuongeza makato ya mkopo hadi mwisho wa mwaka, atauza fahali wawili, na deni likibaki kidogo mdhamini huyu atawasemesha wale wengine wawili. Wakala wa Ulaya ataambiwa angoje. Kama atangoja, hilo hakuna aliyejua. Hao huwa na majina mengi katika simu zao.

Mama aliuliza fahali wawili ni fahali gani. Kijana akawataja. Mama akasema mmoja kati yao ni wake, hakumpa mtu, lakini atafikiria.

Ilinibidi kuondoka ili niwahi matatu ya mwisho ya Nakuru. Mama alinifungia viazi vya kujaza mfuko wa kilo kumi na akakataa katakata nivilipie. Kijana alinisindikiza hadi kwenye lami akiwa na viatu vyake vya mbio mkononi, akivipangusa matope kwa kijiti. Kesho yake alikuwa amepanga kilomita 30 katika njia za msitu, aanze kabla ya ng'ombe kukamuliwa. Barua tuliiacha ndani ya Biblia.